Pudini ya Krismasi Tuliyoila Julai

Majuzi niliingia dukani hapa Rockville kununua maziwa, nikatoka na maziwa na kicheko. Kwenye rafu ya vitu vya sikukuu walikuwa wamepanga pudini za Krismasi ndani ya vikopo vya plastiki, na juu ya boksi pameandikwa kwamba ukiitia kwenye maikrowevu itakuwa tayari kwa dakika tatu. Nilisimama pale, rafiki yangu, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja mwenye kigari akanitazama kwa wasiwasi. Dakika tatu! Sisi kwetu pudini moja ilituchukua kuanzia Novemba mpaka Julai. Keti nikusimulie.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Herndon, jimbo la Virginia, upande ule ambao ndege za uwanja wa Dulles zinapita chini hadi vikombe vinatikisika kabatini. Nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu wa kiume alikuwa hata shule hajaanza. Tulikaa juu, katika jengo la matofali mekundu, na jiko letu lilikuwa dogo kiasi kwamba ukifungua oveni, anayeosha vyombo lazima atoke kwanza. Baba alikuwa mpishi katika kampuni inayopika chakula cha ndege. Alirudi nyumbani akinuka kitunguu na sabuni, akisema amewapikia watu elfu na hakuna hata mmoja aliyemwambia asante. Mama alikuwa anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Sikukuu zote alikuwa zamu, maana, kama alivyozoea kusema, wazee hawaendi likizo ya uzee.

Pudini ilikuwa mambo ya baba. Alifundishwa na mama yake, nyanya yetu, aliyekuwa akiishi Kenya kule juu kwenye mashamba ya chai, ambako asubuhi ukizungumza unaiona pumzi yako. Nyanya alifundishwa na akina mama wa kanisa, nao walifundishwa na mke wa mmisionari, na kila mkono uliopokea ulibadilisha kidogo. Mke wa mmisionari alitia brandi. Akina mama, kwa kuwa walikuwa wameokoka, wakatia chai ya rangi iliyokolea na maji ya machungwa. Yule mzungu alitaka kila mtu akoroge mara moja huku akiomba jambo moyoni. Nyanya akasema kuombaomba vitu ni tamaa, afadhali kila anayekoroga amtaje mtu aliye mbali.

Basi Jumamosi moja ya Novemba baba alitandaza magazeti mezani, tukaanza. Zabibu kavu zilikuwa zimelowekwa tangu jana yake, zimenenepa na kung'aa. Kazi yangu ilikuwa kuparuza mkate mkavu uwe unga, kisha kungumanga, ambayo ilinikwaruza vidole kila mara. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kula zabibu zilizoanguka, na zilianguka nyingi kuliko inavyowezekana kwa bahati mbaya. Baba alikata vipande vidogovidogo vya yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, aliyoyapata kwa mwenye bucha Msomali baada ya kumweleza mara tatu anataka ya nini. Mdalasini, karafuu, tangawizi, sukari guru, mayai. Halafu akapiga simu Kenya kwa ile kadi ya kukwangua, akaiweka simu mezani na sauti ikafunguliwa jiko zima.

"Kijiko kinasimama?" nyanya aliuliza, hata kabla ya salamu kwisha.

"Kinasimama, mama."

"Hakijaegemea?"

"Kimeegemea kidogo tu."

"Basi ongeza mkate. Pudini si uji."

Tukakoroga kwa zamu. Mdogo wangu alimtaja rafiki yake aliyehamia Greenbelt, ambako kwake yeye kulikuwa mbali kama mwezini. Mimi nilimtaja nyanya. Akacheka huko aliko, kicheko kilichochelewa kidogo kufika kama kila kitu kwenye simu zile.

"Mimi siko mbali, mjukuu. Si niko hapa nawasikia mkila zabibu."

Baba alijaza bakuli, akalifunika kwa karatasi yenye mkunjo katikati ili pudini ipate nafasi ya kupumua, juu yake foili, halafu akafunga kwa uzi na kuacha kitanzi cha kushikia. Akaliketisha ndani ya sufuria kubwa juu ya kisahani kilichopinduliwa, maji yakifika nusu ya bakuli. Ikachemka tangu asubuhi hadi jua likazama. Baba hakuondoka. Kila maji yalipopungua aliongeza ya moto kutoka kwenye birika, kamwe si ya baridi. Madirisha yalilia jasho. Mama alienda kazini sare yake ikinuka karafuu, na akasema kesho yake wazee walimuuliza siku nzima anaoka nini.

Ilipopoa, baba aliivisha karatasi mpya na kitambaa, akaitia ndani ya mkebe wa biskuti, akaiweka kwenye stoo ya nje, pale roshani, ambako baridi ya Virginia ingeilinda. "Ikikaa inapata akili," alituambia. "Msiiguse mpaka Krismasi."

Desemba ilipoanza simu ililia asubuhi. Nyanya alikuwa ameanguka. Baba alipanda ndege siku mbili baadaye, na kwa bahati alimkuta bado anaongea. Wakakaa pamoja siku chache, akafa kabla ya Krismasi, wakamzika pale shambani mvua ikinyesha. Sisi tulifikiri baba angerudi wiki ile ile. Lakini alipoenda kuchukua viza ya kurudi, aliambiwa karatasi zake bado zinaangaliwa, asubiri. Hawakumwambia mpaka lini.

Siku ya Krismasi mama alirudi kutoka zamu, akavua viatu, akapika chapati na kuku bila kukaa chini. Tukala. Kisha mdogo wangu akaenda kusimama kwenye mlango wa roshani, pua kwenye kioo.

"Can we open it now?" aliuliza.

"Bado," mama akasema.

"Is that a no?"

"Si hapana. Nimesema bado. Hiyo ataifungua mwenyewe aliyeifunga. Krismasi yetu itakuja na baba yenu."

Mdogo wangu akalia mpaka akalala kwenye zulia. Mimi sikulia, lakini nilichukia neno bado kwa miezi mingi.

Hapo lazima nikutajie jirani yetu wa chini, ambaye sisi sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa Mmarekani mweusi, anafundisha historia katika shule ya sekondari, na Kiswahili alijifunza chuo kikuu kwa kupenda tu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mama akimwambia "Sasa, Mwalimu, mambo?" yeye hujibu, "Mambo ni mazuri, dada yangu, nashukuru. Je, watoto hawajambo?" Na kwangu hakuwa na huruma. Nikimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wote wa huku, aliweka mkono sikioni na kusema, "Samahani, sikukusikia." Nilikuwa najificha nyuma ya mashine za kufulia ili nisikutane naye. Baba alipokwama, yeye ndiye aliyetuangalia jioni mama akiwa kazini, na kwake hukupata chakula mpaka ukiombe kwa sentensi kamili. Kama leo naweza kukuandikia hivi, mshukuru yeye.

Machi theluji ilianza kuyeyuka, na mama akaingiwa na wasiwasi kuhusu pudini. Kitambaa cha nje kilikuwa kimeota doa la ukungu. Akakitoa, karatasi ya ndani ilikuwa safi, lakini hakuridhika. Akampigia baba.

"Sasa hii kitu itakaa kweli? Imewekwa chai na machungwa tu."

Sisi tulikuwa tumekaa pembeni tunasikia.

"Itakaa," baba akasema. "Kuna kitu kidogo nilitia."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu, mama watoto. Brandi."

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya. Nyumbani kwetu hata dawa ya kikohozi alisoma maandishi yake kwanza.

"Uliitia saa ngapi?"

"Mlipokuwa mnafua nguo." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Na kusema ukweli, inataka kuongezewa. Vijiko viwili vitatu kila mwezi. Ndiyo inayoilinda."

Mama alikata simu akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Wiki nzima hakuitaja. Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake la kanisani na kilemba, akatushika mikono, akatupeleka kwenye duka la pombe lililo karibu na duka la viatu. Aliingia kama mtu anayeingia benki. Alimwambia muuzaji anataka brandi, ndogo kabisa, ya pudini. Muuzaji akasema, "Yes, ma'am," bila kupepesa. Tulipogeuka kutoka, mlangoni tukakutana uso kwa uso na mzee wa kanisa letu, yule anayesoma matangazo kila Jumapili, naye ana mfuko wa karatasi kwapani, anarudisha kitu au anaongeza kitu, hatukujua.

"Bwana asifiwe, mama," akasema.

"Asifiwe sana, mzee."

Wakatazama mifuko.

"Mimi ni kifua," mzee akasema. "Baridi ya huku."

"Mimi ni pudini ya Krismasi," mama akasema.

Mzee akaangalia nje, ambako miti ilikuwa imeanza kutoa maua. "Ya Krismasi," akarudia taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba. Wakaagana kwa heshima kubwa. Kwenye gari mama alishika usukani bila kuwasha, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Akatoboa ile pudini kwa sindano ya kusukia nywele, safi, iliyochemshwa, akaidondoshea vijiko viwili, akaifunga upya. Baada ya hapo kila mwanzo wa mwezi aliilisha, uso umekunjamana kama anampa mtoto dawa.

Lakini Mei ilikuwa mbaya. Baba alienda tena ofisi ya viza, wakamrudisha tena. Kanisani maneno yalianza. Mama mmoja wa kwaya alisema, na alisema tukiwa tumesimama pale pale, kwamba wanaume wakirudi nyumbani huwa wanaisahau njia ya huku, na kwamba kule kuna wasichana wengi wa kuwasahaulisha. Mama alitabasamu akafunga zipu ya koti la mdogo wangu hadi kidevuni, ingawa kulikuwa na joto.

Jioni ile alileta mkebe jikoni. Akajaza sufuria maji, akawasha moto.

"Leo tunaila," akasema.

Mdogo wangu akaruka kwa furaha. Mimi nilijua, bila kujua ninavyojua, kwamba tukila ile pudini baba hatarudi. Nikashuka ngazi mbio, nikamgongea Mwalimu.

"Mama anapika pudini," nikamwambia, kwa Kiswahili, na hakuniuliza mara ya pili.

Alipanda na kalamu nyekundu bado iko nyweleni. Akabisha hodi mlango ukiwa wazi.

"Mnasherehekea nini, dada?"

"Hakuna sherehe," mama akasema. Alikuwa ameushika ule uzi, kidole ndani ya kitanzi. "Nimechoka tu. Nimechoka kuweka hii kitu, kuilisha, kuiangalia kila siku kama mgonjwa. Watu wananicheka."

Mwalimu hakumpa mawaidha. Aliutazama mkebe, akautazama moto.

"Ikiwa umechoka kuitunza," akasema, "nipe mimi niitunze. Kwangu chini hakuna jua. Ukiihitaji, utabisha tu."

Maji yalikuwa yameanza kuimba pembeni mwa sufuria. Mama akazima moto, akampa mkebe kwa mikono yote miwili, na chupa ya brandi juu yake.

"Vijiko viwili, kila mwezi," akasema. "Usinywe."

"Sitakunywa zaidi ya pudini," Mwalimu akajibu, na mama, aliyekuwa na machozi, akacheka. Yale maji tulipikia ugali.

Simu nyingine ilikuja mwisho wa Juni, na hiyo mama aliipokea amesimama. Alisema "Ee" mara nyingi, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, halafu akakaa sakafuni. Baba alikuwa amepewa viza.

Alifika wiki ambayo watoto wa jengo letu walikuwa bado wanapasua fataki zilizobaki za sikukuu ya uhuru. Joto la Virginia la Julai unalijua, linakuvaa kama blanketi iliyolowa. Kiyoyozi chetu kilikuwa kinakohoa maji. Lakini mama alisema pudini haiwezi kuliwa baridi, lazima ipashwe moto kama ilivyopikwa, kwa mvuke, taratibu, mpaka moyo wake uwe wa moto. Mimi na mdogo wangu tukaenda kuichukua chini. Mwalimu alikuwa ameifunga kitenge juu ya kitambaa. Mama akaichemsha tangu tulipomaliza kifungua kinywa, madirisha yote wazi, akiongeza maji ya moto kutoka kwenye birika, jasho likimtiririka shingoni, naye akikataa mtu yeyote amshikie zamu. Harufu ya karafuu ilishuka hadi kwenye maegesho. Watu waliokuwa wanaosha magari walisimama wakanusa hewa.

Baba aliingia mlangoni amekonda, koti lake la Desemba mkononi. Mdogo wangu alijificha nyuma yangu kwa sababu alikuwa amemsahau kidogo, kisha akanusa shati lake na kumkumbuka. Mama alisema tu, "Karibu. Nawa mikono, ufungue."

Baba akakata uzi. Akafunua foili, akafunua karatasi, akaipindua juu ya sahani na kugonga bakuli mara moja. Ikatoka nzima, nyeusi, inang'aa. Tulikuwa wengi pale: Mwalimu, watu wawili watatu wa kwaya, na mzee wa kanisa na kifua chake. Mzee alionja, akafumba macho, akamgeukia mama.

"Kumbe ilikuwa kweli," akasema.

"Na kifua chako kinaendeleaje?" mama akamuuliza.

"Kimepona kabisa."

Baba alikuwa hajala. Alikuwa ameshika kijiko na kipande mbele yake, mvuke ukipanda. "Hii," akasema, akakwama. Akajaribu tena. "Hii tuliikoroga mama akiwa hai. Alikuwa kwenye simu. Alisema tuongeze mkate."

Ndege ikapita, vikombe vikalia kabatini. Kisha akala, polepole, hadi mwisho, akafuta sahani kwa kidole kama mtoto. Nilimwona mama akiliweka bakuli lile pembeni, bila kuliosha.

Asubuhi yake baba alituamsha mimi na mdogo wangu kwa kunong'ona. Alikuwa amekata mabaki vipande, akaviweka kwenye kikaango chenye siagi mpaka ukingo ukawa mkavu na katikati laini. "Hivi ndivyo nyanya alivyotupashia kesho yake," akasema. "Wageni wakishaenda." Tukala tumesimama, tunajiunguza vidole, na hakuna aliyepiga kelele kwa sababu mama alikuwa amelala. Alilala mpaka saa sita mchana, mlango umefungwa, mama ambaye sikuwahi kumwona akilala jua likiwa juu isipokuwa ametoka zamu.

Mengi ya hayo hayapo tena. Jengo lile limepakwa rangi ya kijivu na kupewa jina jipya, na siku niliyopita pale sikumwona mtu hata mmoja kwenye ngazi. Kadi za kukwangua hazipo. Mzee wa kanisa alitangulia, Mungu amrehemu, na kifua hakikuhusika. Mwalimu alistaafu, akahamia kusini kwa dada yake, na bado hunirekebisha ngeli kwenye simu. Wazazi wangu wamezeeka vizuri. Baba sasa hukaa kwenye kiti jikoni na kutoa amri, mama ndiye anayepika, na brandi anainunua yeye mwenyewe mchana kweupe.

Ninachokikosa si utamu wake, maana pudini yetu, nikuambie ukweli, ilikuwa nzito kama tofali. Nakosa zile nyumba ambazo mtoto aliweza kushuka ngazi mbio na kugonga mlango. Hapa ninapoishi sasa tunasalimiana kwenye lifti tukitazama namba. Chini yangu anaishi mama mmoja, mgeni kutoka sijui wapi, huwa namwona na sare ya hospitali na mtoto aliyelala begani. Miaka mitatu sijamuuliza jina.

Basi Novemba hii nimeamua nitapika mbili. Moja nitamshushia yeye. Huenda akasema asante akaitupa, na hatakuwa na kosa. Au huenda jioni moja akapanda, akabisha hodi, akaniuliza inapashwaje moto.